Sarafu za Babu Zisiozee Kabatini: Namna ya Kuhifadhi na Kuonyesha Mkusanyo Wako

Maswali ni yale yale. Mtu amerithi kopo la Blue Band limejaa sarafu za marehemu babu, anauliza aziweke wapi. Mwingine anauliza azisugue kwa limau au kwa ukwaju. Wa tatu ameona albamu ya ngozi mtandaoni, nzuri kweli kweli, anataka kujua kama inafaa. Wa nne ana fremu tayari, na gundi mkononi.

Majibu mafupi: pakavu, usizisugue, pengine haifai, na hiyo gundi irudishe dukani. Majibu marefu ndiyo mwongozo huu. Nimeuandika nikiwafikiria hasa watu wa Dar, Tanga, Mombasa, Lamu na Unguja, maana hewa ya bahari ndiyo adui mkubwa wa sarafu. Walio Nairobi, Arusha au Kigali wana nafuu, ila masika yakianza nao wanaingia humu humu. Aliye Muscat au Toronto afuate hatua hizi hizi. Kipima unyevu ndicho kitakachomwambia hali ya nyumbani kwake ikoje.

Jambo moja lieleweke mapema. Kuhifadhi ni kazi moja na kuonyesha ni kazi nyingine. Sarafu nyingi zikae gizani, pakavu, zisiguswe. Chache tu, tena zile za madini magumu, ndizo zipande ukutani. Anayetafuta chombo kimoja cha kufanya yote mawili huishia kununua kitu cha kupendeza ambacho kinazila sarafu zake taratibu.

Mahitaji kabla hujaanza

- Meza yenye mwanga wa kutosha, na taulo laini la kutandika juu yake. Sarafu ikianguka iangukie taulo.
- Sumaku ndogo. Ya mlango wa friji inatosha.
- Rula ya milimita, au kalipa ya vernia (kifaa cha taya mbili cha kupimia kipenyo) kama utaipata. Mizani ndogo ya sonara ni nyongeza nzuri, si lazima.
- Kadi za dirisha. Hizi ni kadi za mraba zinazokunjwa katikati. Kila upande una tundu la duara lililofunikwa kwa utando mwangavu wa poliesta. Sarafu hukaa katikati, unaiona pande zote mbili.
- Kapsuli chache za akriliki, yaani vikasha vya duara vya plastiki ngumu inayoonyesha ndani, kwa sarafu zako bora.
- Sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na ukanda wa silikoni, kama yale ya kuwekea chakula.
- Silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ya aina inayobadilika rangi. Chukua ile ya rangi ya chungwa. Ile ya buluu hutiwa kobalti, si kitu cha kuwa nacho kwenye nyumba yenye watoto.
- Kipima unyevu cha kidijitali, kile kidogo kinachoonyesha pia joto.
- Daftari na penseli.

Glavu sikuziorodhesha kwa makusudi. Za pamba huteleza, na sarafu huponyoka kirahisi kuliko kwenye vidole vikavu. Kama mikono yako hutoa jasho sana, tumia zile za mpira wa nitrili zisizo na unga.

Nadharia haizidi aya moja. Sarafu huharibiwa na unyevu wenye chumvi, na vitu vinavyotoa asidi au salfa (plastiki laini iitwayo PVC, gundi, mbao mbichi, sufu, mipira ya kufungia noti, karatasi za gazeti), na jasho la vidole. Chombo kizuri huzuia hayo matatu bila kuongeza la nne.

Hatua ya 1: Zitoe kwenye kopo, moja moja

Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Shika sarafu kwa ukingo, gumba huku na kidole cha shahada kule, usiguse uso wake. Alama ya kidole huioni leo. Baada ya miezi inajitokeza kama doa la kahawia kwenye shaba, mistari yote ya kidole ikionekana, na hapo haitoki tena.

Usilimwage kopo mezani. Rupia ya fedha ikigongwa na ukingo wa nyingine hubaki na kovu la kudumu. Na usizungumze ukiwa umeinamia sarafu: tone la mate huacha kidoa cheusi ambacho mwanzoni utadhani ni vumbi.

Hatua ya 2: Zigawe kwa madini, si kwa nchi

Wengi huanza kwa nchi: Kenya huku, Tanganyika kule, Zanzibar pale. Mpangilio huo ni wa daftari. Kwa kuhifadhi, fanya mafungu haya:

*Shaba.* Hapa kuna pesa (jina la sarafu ndogo ya shaba) za Sultani Barghash wa Zanzibar zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria (1882), zile za Mombasa za 1888 za Kampuni ya Imperial British East Africa, pesa na sarafu ndogo ziitwazo heller za Wajerumani, senti zenye tundu za enzi za Waingereza, na senti 5 ya Tanzania yenye samaki. Fungu hili ndilo dhaifu kuliko yote mbele ya hewa ya chumvi. Kama una silika kidogo na sarafu nyingi, shaba ipate kwanza.

*Fedha.* Riale ya Maria Theresa (sarafu kubwa ya fedha ya Austria) yenye mwaka 1780 (mwaka huo haubadiliki, hata kwa zilizopigwa karne iliyofuata), rupia za Wajerumani na za India, florin ya Afrika Mashariki ya 1920, na shilingi za simba, yaani zile za Afrika Mashariki zenye picha ya simba, za 1921 hadi 1946. Hizo shilingi za simba ni robo tu ya fedha. Zilizobaki ni madini mengine, kwa hiyo hubadilika rangi kwa namna yake, mara nyingi kijivu chenye umanjano. Usishangae.

*Shaba iliyochanganywa na nikeli.* Shilingi za simba za 1948 hadi 1952, na shilingi za kwanza zenye sura ya Kenyatta na ya Nyerere za 1966. Hizi ni ngumu. Ndizo utakazozipeleka ukutani bila wasiwasi.

*Zinazonaswa na sumaku.* Ndani ni chuma, juu zimepakwa nikeli. Shilingi 500 ya Tanzania ya 2014 imo humu. Watu huziacha ovyo kwa kuwa ni mpya, na hapo ndipo wanapokosea: ngozi ya nikeli ikichubuka kidogo kwenye ukingo, kutu huingia ndani haraka kuliko inavyoweza kuigusa shilingi ya mwaka 1952.

*Alumini.* Senti 1 za 1907 na 1908 za Afrika Mashariki na Uganda, na faranga 1 za Burundi na Rwanda. Nyepesi mno, zinapinda na kukwaruzika kirahisi. Zipe nafasi yake peke yake, zisikae chini ya sarafu nzito.

Hatua ya 3: Usizisafishe

Najua nyumbani sinia na buli za shaba husuguliwa kwa ukwaju au limau na majivu, zikang'aa hadi ujione sura. Sinia ni sinia. Sarafu thamani yake iko kwenye ngozi yake ya juu, na asidi ya ukwaju inaila hiyo ngozi. Mnunuzi mzoefu huijua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitazama tu: shaba inakuwa na wekundu wa waridi usio wa kawaida, na ukiielekeza kwenye taa unaona mistari myembamba isiyohesabika inayokwenda upande mmoja. Brasso hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Dawa ya meno pia. Soda ya kuokea pia.

Kama sarafu ina udongo kweli, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, kwenye bakuli la kioo, usiku kucha, kisha ubadilishe maji. Maji hayo huuzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, maana jirani yake kwenye rafu ni asidi ya betri, na wauzaji wengine huviita vyote viwili kwa jina hilo hilo. Maji ya bomba yana klorini. Ya kisima cha pwani yana chumvi. Usiyatumie.

Ukiitoa, igandamize kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, uiache mbele ya feni hadi kesho yake. Sarafu iliyofungwa ikiwa na unyevu inaoza ndani ya kifungashio chake.

Hatua ya 4: Pima kipenyo kabla ya kununua chochote

Watu hununua kapsuli mia moja za saizi moja kisha hawana sarafu ya kuingia humo. Pima kwanza. Kwa kukusaidia: rupia ya Wajerumani ina milimita 30, heller 5 kubwa ya 1908 na 1909 ina 37, shilingi ya simba inakaribia 28, senti 10 yenye tundu inakaribia 31, na riale ya Maria Theresa inacheza kwenye 40.

Kwa kadi ya dirisha, tundu liizidi sarafu kidogo ili ukingo usifichwe. Kwa kapsuli, kipimo kiwe sawasawa. Kapsuli kubwa kuliko sarafu huifanya icheze ndani, na kila ukiihamisha uso unajisugua. Riale ipe kapsuli tangu mwanzo. Kadi nyingi za kawaida haziitoshi.

Hatua ya 5: Chagua chombo

Kadi za dirisha ndizo ninazompendekezea kila anayeanza. Bei yake ni ndogo, unaandika maelezo juu yake, na sarafu mia moja zinakaa kwenye sanduku la ukubwa wa kiatu. Ubaya wake ni pini za stepla, ambazo pwani hushika kutu. Nunua zile zenye gundi ya kujifunga yenyewe pembeni ya kadi, gundi isiyofika kwenye dirisha.

Kapsuli za akriliki ni kwa sarafu kumi au ishirini za juu kabisa, na kwa zote zitakazoonyeshwa. Ni ghali ukizidisha kwa mia, na zinakula nafasi.

Mifuko midogo ya plastiki ina mitego. Ile laini, inayokunjika vizuri na kunukia kama pazia jipya la bafuni, karibu kila mara ni PVC. Ile migumu kidogo, inayolia ukiikunja, kwa kawaida ni poliesta au polipropilini na haina shida. Ulaini huo wa PVC unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani, na mafuta hayo hutoka pole pole, hasa kwenye joto la kwetu, yakatua juu ya sarafu pamoja na asidi.

Albamu zinafaa ikiwa kurasa zake za mifuko ni za polipropilini. Jalada la ngozi halina neno. Kurasa ndizo za kuulizia. Muuzaji akikujibu tu kwamba ni plastiki nzuri, usinunue.

Trei za mbao zenye vishimo zinapendeza, na makabati ya jadi ya sarafu huko Uingereza yalitengenezwa kwa mahogani kwa sababu haitoi mvuke mkali wa asidi kama mwaloni. Ukimpa fundi kazi hii mwambie mahogani iliyokauka vizuri, na ndani asipake vanishi. Asikuchomekee plywood au MDF chini ya vishimo. Gundi yake hutoa mvuke kwa miaka. Pwani, hata hivyo, mimi singeanzia kwenye trei. Sarafu imekaa wazi, na unyevu unaingia na kutoka.

Hatua ya 6: Jaribu plastiki unayoitilia shaka

Kata kipande kidogo cha mfuko, mbali na sarafu. Chukua waya wa shaba, shika ncha moja kwa koleo, choma ncha nyingine kwenye moto wa gesi hadi iwe nyekundu na moto usionyeshe rangi ngeni. Iguse plastiki kwa waya huo wa moto ili kidogo kiyeyuke na kunata, kisha rudisha waya kwenye moto. Ukiona mwali wa kijani, mna klorini, yaani ni PVC. Ukiona mwali wa kawaida wa manjano, umepona.

Fanya hivyo nje au dirishani, kwa kipande kisichozidi ukucha, wala usivute moshi wake. Watoto wawe mbali.

Hatua ya 7: Ingiza sarafu kwenye kadi

Andika kwanza, ingiza baadaye. Hili ndilo kosa la kila siku: mtu anaweka sarafu, anafunga, kisha anaandika juu yake kwa kalamu ya wino akikandamiza. Andika nchi, thamani, mwaka na namba ya daftari wakati kadi bado iko tupu.

Weka sarafu katikati ya dirisha moja, kunja, hakikisha haikusogea, bana. Ukilazimika kutumia stepla, piga pini pande tatu mbali na dirisha, kisha zilaze kabisa kwa koleo. Pini iliyosimama itachana kadi ya jirani na kumkwaruza mwenzake.

Siku ya kuitoa usiivute sarafu kupitia mdomo wa kadi. Toa pini zote au kata kadi kwa mkasi. Kadi ni senti chache, heller ya Tabora ya 1916 hutaipata tena kirahisi.

Hatua ya 8: Sanduku, silika na kipima unyevu

Simamisha kadi kwenye sanduku, zisibanane. Weka silika kwenye kifuko cha kitambaa cha pamba, kisigusane na sarafu yoyote. Kwa sanduku la lita 5, gramu 50 hivi zinatosha kuanzia. Weka kipima unyevu ndani, funga, subiri siku mbili, soma.

Unalenga asilimia 35 hadi 45. Chini ya 50 unaweza kulala. Chumba cha kawaida cha Mombasa au Dar hupita 70 bila kujitahidi, kwa hiyo usishangae silika ikifanya kazi sana mwezi wa kwanza.

Silika ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Itandaze kwenye trei ya bati, iweke kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, irudi rangi yake, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uirudishe. Inatumika tena na tena. Vile vifuko vinavyokuja na viatu vipya vimekwishashiba zamani. Hadi uvioke, havikusaidii.

Mchele si silika. Kila mtu ana shangazi aliyemwambia aweke mchele. Utaleta vumbi, unga, na fukusi.

Hatua ya 9: Mahali pa kuweka sanduku

Rafu ya kati ya kabati la ndani, kwenye ukuta usiopigwa na mvua. Si juu ya kabati la jikoni ambako mvuke hupanda, si uvunguni ambako sakafu hupumua. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe au Lamu, kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji. Acha nafasi kati ya kabati na ukuta. Kama chumba hufukizwa udi kila Alhamisi jioni, sarafu zihamie chumba kingine, kwani moshi wa udi huacha utando wa mafuta juu ya kila kitu. Nafthalini nayo isikae kabati moja na sarafu.

Sefu ya kuzuia moto inalinda dhidi ya moto na mwizi, lakini kuta zake nyingi hutengenezwa kwa vitu vinavyobeba maji, na ndani yake hugeuka kuwa na unyevu. Sarafu ziingie sefuni zikiwa ndani ya sanduku lao lenye silika, si wazi.

Hatua ya 10: Onyesho la ukutani

Sasa kazi tamu. Usitundike kila ulicho nacho. Fremu moja, sarafu zisizozidi 12, ziwe na hadithi ya kueleweka na mgeni aliyesimama na kikombe cha chai.

Mfano ninaoupenda ni safari ya sarafu za pwani. Unaanza na riale ya Maria Theresa, kisha pesa ya Barghash, kisha ile ya Mombasa ya 1888, halafu pesa na rupia ya Wajerumani, heller yenye tundu, na heller 20 ya Tabora ya 1916, iliyopigwa kwa haraka katikati ya vita wakati sarafu za kutoka Ujerumani zilikuwa haziji tena. Ukiishika utaona ilivyo ya kukwaruza ukilinganisha na zilizotangulia. Inafuata florin ya 1920, iliyoishi muda mfupi sana, na shilingi ya simba iliyoipokea mwaka 1921. Unguja waliendelea na rupia hadi mwanzo wa 1936, jambo ambalo vijana wengi hawalijui, kwa hiyo lipe kijikaratasi chake. Malizia na 1966: Kenyatta, Nyerere, na sungura wa senti 50 ya Tanzania.

Tatizo la mfano huu ni kwamba zaidi ya nusu yake ni shaba na fedha, zile zile dhaifu. Kwa hiyo, pwani, tundika za shaba kwa zamu, miezi michache kisha zirudi sandukuni. Au chapisha picha nzuri ya pesa ya Barghash kwa ukubwa wake halisi, na sarafu yenyewe ibaki gizani. Hakuna aibu. Zile za nikeli zikae ukutani mwaka mzima.

Utengenezaji: tafuta fremu yenye kina cha sentimita 2 hadi 3. Kila sarafu iwe ndani ya kapsuli. Kata ubao wa kadi isiyo na asidi, toboa matundu yenye kipenyo cha nje cha kapsuli, uibane kapsuli humo bila gundi. Ukitaka kitu cha kujaza nyuma, tumia povu la polithini, lile jeupe laini la kufungia televisheni. Sponji ya godoro huoza, inakuwa ya manjano na kunata. Mahameli na vitambaa vya sufu viache pia. Rangi zake na salfa yake huigeuza fedha kuwa nyeusi.

Silikoni ya kuzibia vioo, ile inayonuka siki inapokauka, isiingie kwenye fremu hii kabisa. Harufu hiyo ya siki ndiyo asidi yenyewe.

Tundika kwenye ukuta wa ndani, jua lisiufikie, mbali na jiko na kiyoyozi. Bandika vijiti vidogo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Taa iwe ya LED.

Na tafadhali, gundi ya haraka, tepu ya pande mbili, kutoboa tundu ili upitishe waya: hapana kwa yote matatu. Senti zenye tundu zimeshatobolewa tangu kiwandani. Zinatosha.

Hatua ya 11: Daftari na usalama

Kila sarafu iwe na namba, picha ya pande mbili, kipenyo, uzito kama unao, ulikoipata, na bei. Nakala ya daftari ikae nyumba nyingine au kwenye simu ya mtu unayemwamini. Mtu mmoja wa familia ajue sanduku liko wapi na lina nini; sarafu nyingi nzuri zimepelekwa kwa muuza vyuma chakavu baada ya msiba kwa sababu hakuna aliyejua. Sarafu za dhahabu usizionyeshe ukutani wala kwenye mitandao. Zipeleke benki yenye huduma ya masanduku ya amana, au nyamaza.

Mambo yakienda kombo

*Ute wa kijani unaonata.* Ni PVC. Toa sarafu zote kwenye mifuko hiyo leo hii, hata zile zinazoonekana salama. Loweka iliyoathirika kwenye asetoni safi, kwenye bakuli la kioo, dakika kumi, ibadilishe asetoni, rudia, acha ikauke yenyewe. Asetoni hushika moto upesi na mvuke wake unaumiza kichwa, kwa hiyo madirisha wazi na jiko limezimwa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta si asetoni safi. Kikombe cha plastiki kinaweza kuyeyuka.

*Unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta.* Huu ni ugonjwa wa shaba: chumvi imeingia ndani ya madini na unyevu unaiamsha. Itenge sarafu hiyo kwenye kisanduku chake chenye silika nyingi, unyevu ushuke chini ya asilimia 40. Ukikauka na kunyamaza, iache hivyo. Ukiendelea, mwone mtaalamu wa uhifadhi wa vitu vya kale, usijaribu kemikali za kusoma mtandaoni. Kijani kigumu, cheusi kidogo, kisichotoka kama unga, hakina ubaya. Hicho ni kinga ya sarafu.

*Fedha imekuwa nyeusi.* Tafuta chanzo: mpira, sufu, rangi mpya ya ukuta, kadi ya bei rahisi. Kiondoe. Weusi wenyewe uache ulivyo.

*Silika inageuka rangi ndani ya siku chache.* Mfuniko hauzibi. Weka ukanda wa karatasi mdomoni mwa sanduku, funga, vuta. Ukitoka bila upinzani, hapo ndipo hewa inapopita. Jaribu pande zote nne, kisha badilisha sanduku.

*Sarafu ilishabandikwa na mtu kabla yako.* Asetoni tena, kwa muda mrefu zaidi, bila kuikwangua. Gundi ikigoma, iache kama ilivyo kuliko kutumia kisu.

*Kadi zimeota ukungu.* Tupa kadi zote za sanduku hilo, futa sanduku kwa spiriti, likauke juani siku nzima, anza upya kwa kadi mpya. Sarafu yenyewe kwa kawaida haijaguswa.

*Nimeokota vijisarafu vyembamba vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu kwenye magofu ya Kilwa, au ufukweni.* Hivyo huenda ni vya masultani wa Kilwa, na hapo mwongozo huu unaishia. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na Zanzibar nayo ina mamlaka yake. Usivioshe, usivichimbue zaidi. Piga picha palipo, andika mahali hasa, ukatoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho ya taifa yaliyo karibu nawe.